Leseni ya Muuzaji

Mizani ya biashara ina sahani mbili, moja ya faida na moja ya dhima. Muuzaji aitazamaye ile ya kwanza peke yake hupima vibaya hata kama mkono wake hauibi. Ndiyo maana serikali haziruhusu kila mtu afungue duka la kila kitu. Muuza dawa hudaiwa leseni. Muuza bunduki hudaiwa leseni. Na katika majimbo mengi ya Marekani hudaiwa leseni pia mtu auzaye vyombo vya kuchezea nyikani.

Vyombo hivyo ni vya fahari na furaha. Hupandwa kama farasi, huongozwa kwa usukani kama wa baiskeli, na matairi yake mapana, yenye upepo kidogo, hupita juu ya mchanga, matope na mawe ambapo motokaa hukwama. Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza Marekani chombo cha namna hiyo mwaka 1970, nacho kilikuwa na magurudumu matatu. Magurudumu mawili ya nyuma yalifungwa katika mhimili mmoja yakazunguka kwa mwendo mmoja. Basi mpandaji alipotaka kupinda kona ilimpasa auhamishe uzito wa mwili wake kwa ustadi, la sivyo chombo kilikaidi au kilimpindukia. Mtu mzima aliyefunzwa aliweza, mtoto hakuweza. Katika miaka ya 1980 majeruhi na maiti walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi.

Jimbo la California lilitunga sheria yake ya magari ya nyikani mwaka 1971. Mtu atakaye kuyauza huko huomba leseni kwa idara ya magari. Huchukuliwa alama za vidole ili mwenendo wake wa zamani ujulikane. Huonyesha mahali maalumu pa biashara penye ofisi na kibao. Tena huweka dhamana. Auzaye pikipiki na vyombo hivi tu huweka dhamana ya dola 10,000, hali muuzaji wa motokaa huweka dola 50,000. Mnunuzi akidanganywa, akatwaliwa fedha pasipo kupewa hati ya umiliki, dhamana ile humfidia. Hilo ni jambo jema. Lakini ni vizuri kuona linalolindwa hapo. Kinacholindwa ni mfuko wa mnunuzi. Mifupa ya mtoto wake haimo katika dhamana ile.

Ulinzi wa mifupa ulitafutwa kwa njia nyingine. Mwaka 1988 serikali kuu ya Marekani na watengenezaji wakubwa walipatana mbele ya mahakama. Watengenezaji walikubali kuacha kuuza vyombo vipya vya magurudumu matatu, kutoa mafunzo kwa wanunuzi, na kuwaagiza wauzaji wao wasiuze chombo cha mtu mzima kwa matumizi ya mtoto aliye chini ya miaka 16. Mapatano hayo yalikuwa ya miaka 10 tu. Yalipokwisha mwaka 1998, kampuni ziliendelea kwa hiari, mpaka sheria ya mwaka 2008 ilipopiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vyombo vipya vya magurudumu matatu, na kumlazimisha kila mtengenezaji kuandika mpango wa usalama na kuufuata. Hata hivyo, aliyeweka ahadi alikuwa mtengenezaji, na aliyetakiwa kuitimiza alikuwa mwenye duka. Ahadi ya mtu mmoja ilitiwa katika kinywa cha mwingine.

Mwaka 2010 ofisi inayolifanyia ukaguzi Bunge la Marekani ilieleza jaribio lake. Wakaguzi walikwenda katika maduka 10 ya majimbo manne wakijifanya wanunuzi, wakasema kwamba chombo cha mtu mzima wanachokitaka kitapandwa na mtoto. Wauzaji 7 walikuwa tayari kuuza. Watatu walisema hapana.

Hesabu ile ni ndogo, lakini kila moja ya nambari zake ni mlango. Mfikirie baba anayeingia dukani na mwanawe wa miaka 12. Mtoto amekwisha kukipanda chombo kikubwa, macho yanang'aa, na hataki kushuka aonyeshwe kidogo. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Baba amesahau methali hiyo kwa saa moja, kwa kuwa mapenzi hupofusha. Aliye mbele yake hapofushwi na mapenzi. Anaujua uzito wa chombo, na baadhi ya vyombo hivyo hupita kilo 250. Anajua kwamba mwili wa mtoto hauwezi kukigeuza wala kukiinua kikimwangukia. Katika chumba kile mwenye elimu ni mmoja, na ndiye mwenye faida.

Wako wasemao kwamba mlezi wa mtoto ni baba, na muuzaji hawezi kumfuata mteja hadi nyikani. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Muuzaji haombwi kwenda nyikani; anaombwa neno moja akiwa palepale mezani pake. Na neno hilo ni zito kusemwa na mtu ambaye jirani yake wa biashara atalipokea fungu la fedha alilolikataa yeye. Hapo ndipo leseni inapopata maana yake. Ikiwa sheria itasema kwamba amuuziaye mtoto hatari hupoteza leseni, basi aliyekataa hatakuwa mjinga wa soko, na uaminifu wake hautakuwa hasara.

Leseni inayouliza kibao, ofisi na fedha peke yake ni risiti ya kodi. Leseni iulizayo pia, "Nani atakipanda?" ni amana. Wale watatu walijiuliza swali hilo pasipo kushurutishwa. Sheria njema ni ile itakayowafanya wale saba waulize vilevile.