Deni la Elektroni Moja

Tumezoea kuwasikia baadhi ya wasomi wetu wakidai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na hotuba, na kwamba kikifika mlangoni mwa maabara hakina budi kukipisha Kiingereza. Dai hili nimelipima kwa mada moja ya kemia: jinsi atomu inavyogeuka kuwa ioni.

Chukua chumvi inayovunwa Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 katika kiini, na elektroni 11 zilizopangika kwenye mizingo mitatu: 2, 8 na 1. Ile moja ya nje imeshikwa kwa nguvu hafifu. Klorini ina elektroni 17: 2, 8 na 7, imepungukiwa na moja tu ili mzingo wa nje utimize 8, mpangilio ulio thabiti. Zikutanapo, elektroni ya sodiamu huhamia kwa klorini.

Ndugu yangu mdogo, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa amefundishwa hayo kwa Kiingereza, ila jambo moja lilimtatiza: mbona atomu iliyopoteza huitwa chanya, na iliyopata huitwa hasi? Nilimjibu kwa hesabu ya dukani. Mwenye shilingi 11 mfukoni na deni la shilingi 11 hana kitu. Mwenzake akimtwalia deni la shilingi moja, husaliwa na shilingi moja iliyo yake. Elektroni ndiyo deni. Sodiamu, yenye protoni 11 na elektroni 10, ni chanya. Klorini, yenye protoni 17 na elektroni 18, ni hasi. Chanya na hasi huvutana, chumvi ikapatikana. Alicheka, akaelewa.

Yupo atakayesema kuwa ioni si neno la Kiswahili. Naam, wala si la Kiingereza kwa asili. Michael Faraday alilitumia mwaka 1834 kutoka Kiyunani, kwa maana ya kitu kiendacho. Kiingereza kilikopa bila haya. Nasi tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990.

Basi istilahi tunazo. Tulichopungukiwa ni mazoea ya kuzitumia. Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, kila mmoja wetu na achague mada moja ya sayansi, amweleze mdogo wake. Lugha haikui kwa kusifiwa. Hukua kwa kutumwa kazi.