Chora Kwanza kwa Chaki

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Huku mvua imenyesha na minazi ya uani imepata afueni. Picha ulizonitumia nimeziona zote. Niliziangalia usiku, nikaziangalia tena baada ya sala ya alfajiri, nikaona bora nikujibu kwa kalamu kuliko kwa simu.

Unasema fundi anakuja Jumatatu kubomoa ukuta wa kati ya jiko na stoo, na kwamba umelipenda lile jiko la kwenye picha lenye kaunta ya katikati. Nakuomba umwambie asubiri wiki mbili. Hata hujaniambia kama ukuta huo umebeba lenta na mbao za paa au umesimama tu kugawa vyumba. Apande darini aangalie kwa macho, asiupime kwa kuugonga na kiganja.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kulieleza sawasawa nyumbani kwenu. Lile kovu la mdogo wako begani unalijua. Alikuwa na miaka minne, mmekuja kwangu likizo. Katika jiko langu la wakati ule, sinki lilikuwa ukuta wa kushoto, jiko la mafuta ya taa ukuta wa kulia, na mlango wa uani uko hapo katikati. Kila aliyetoka sebuleni kwenda uani alipita baina ya moto na maji. Siku ile nilichemsha mihogo. Nikashika sufuria kwa matambara mawili, nikageuka kwenda kumwaga maji kwenye sinki. Ni hatua nne. Kwenye hatua ya tatu mtoto akatokea mbio, anaufuata mpira wake. Niliinua sufuria juu nikidhani namkwepa, kumbe ndiyo maji yakaruka. Nakumbuka mvuke usoni, na mpira ukibingirika taratibu mpaka kwenye karo la kufulia.

Watu walisema mtoto mtundu. Hakuwa mtundu, mwanangu. Alipita njia tuliyomwekea. Mimi ndiye niliyekaa na jiko lile miaka sita, nazunguka na masufuria ya moto mbele ya mlango, na hata siku moja sikujiuliza. Ndiyo maana leo, kabla hujachagua rangi ya makabati, nataka ujue miguu ya watu itapita wapi.

Nunua chaki ya shilingi chache. Ondoa vitu vyote jikoni, halafu chora sakafuni kila kitu kwa ukubwa wake kamili: kaunta sentimita 60 kwa upana, friji, sinki, jiko la gesi. Fungua mlango uone unafagia wapi, na mlango wa friji vilevile. Kisha jifanye unapika. Toa nyama kwenye friji, ioshe, ikate, itie sufuriani, geuka umwage maji. Mwite dada wa kazi naye asimame anaosha vyombo. Mkigongana kwenye chaki, mtagongana kwenye granaiti. Pale kati ya kaunta na kaunta acha kama mita 1.2, watu wawili wapishane. Chumba chako, hata kikiunganishwa na stoo, ni mita 3 kwa 4. Ukitoa kaunta za pande mbili na ile ya katikati, utaona mwenyewe kwenye chaki kwamba hapabaki pa kupita. Ile picha ni ya nyumba nyingine, yenye nafasi nyingine.

Nilipokuwa nafundisha sayansikimu, niliwahi kuwasimulia wanafunzi habari za Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria. Mwaka 1926 alichora jiko dogo kwa nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, mita 1.9 kwa 3.4 tu, akiiga majiko ya mabehewa ya treni. Alipima kazi kwa saa, nani anafanya nini na kwa muda gani, mpaka akamweka mpishi mahali ambapo kila kitu anakifikia bila kuhangaika. Yaliwekwa majiko kama hayo karibu 10,000. Mkuu wa mradi, Ernst May, baadaye alihamia huku kwetu Tanganyika, akalima kahawa, kisha akachora majengo Nairobi, Kampala na Mombasa. Yule mama mwenyewe alikiri uzeeni kwamba alipolichora jiko lile alikuwa hajawahi kupika. Alijifunza kwa kuwatazama wanaopika, na hapo ndipo nampa heshima yangu yote. Lakini jiko lake lilikuwa la mtu mmoja. Kwetu sikukuu ya Idi wanaingia jikoni wanawake watatu na mtoto mgongoni, kwa hiyo chukua hesabu yake ya hatua, uache ufinyu wake.

Hesabu ya jiko lako si ngumu. Friji, sinki na moto viunde pembetatu, kila upande kati ya mita 1.2 na 2.7, na njia ya kwenda uani isiikate hiyo pembetatu. Sinki na moto viwe ukuta mmoja au vipakane kwenye kona, katikati mwake kaunta ya kukatia isiyopungua sentimita 90, ili sufuria ya moto iteleze juu ya kaunta isibebwe hewani.

Sinki lako liache pale lilipo, chini ya dirisha. Ukilihamisha itabidi upasue sakafu, upate mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita mpaka kwenye chemba, na nusu ya fedha yako itazikwa chini ya vigae. Moto usiuweke hapo dirishani hata kama fundi atasema panapendeza. Dirisha lile linatazama kusini. Kusi likianza kuvuma, mwali utalala upande, sufuria zitaota masizi, na siku nyingine moto utazimika gesi ikaendelea kutoka bila wewe kujua. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inashuka sakafuni na kujikusanya kama maji bondeni. Kwa hiyo mtungi ukae nje, umesimama wima, kwenye kibanda chenye matundu, na ukutani jikoni utobolewe tundu la hewa karibu na sakafu. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Ungio likitoa mapovu, funga mtungi. Ukisikia harufu ndani, usiguse swichi ya taa. Fungua milango utoke.

Najua maharage na makande bado mtayapikia mkaa. Upatie mahali pake uani, chini ya kipaa, pazuri kama pa gesi, na kijiukuta cha kukinga upepo. Usiache watu waingize jiko la mkaa ndani siku ya mvua na kufunga madirisha. Sumu yake haina harufu.

Halafu kaunta. Fundi atakuambia sentimita 90, ndiyo kawaida yao. Wewe ni mrefu, itakufaa. Lakini nani anapika nyumbani kwako siku tano za wiki? Yule dada wa kazi anafika begani kwako. Msimamishe, akunje mkono, pima kutoka kiwiko mpaka sakafuni, utoe kama sentimita 12. Kama inakuja 83, basi iwe 83 au 84. Wewe kuinama kidogo Jumapili hakutakudhuru, ila yeye kuinua mabega kila siku kutamuumiza. Kipande cha kukandia unga kishushwe zaidi, mkono upate nguvu.

Na kazi za chini usizisahau. Kwenye picha zako zote sikuona mahali pa mbuzi ya nazi. Mtakaa wapi kukuna? Acha mita moja ya mraba kavu karibu na mlango wa uani, penye mwanga, ya mbuzi, kinu na ungo, nje ya njia. Karibu na hapo weka bomba la chini la kujazia ndoo, na nafasi ya pipa, kwa ajili ya siku za mgao wa maji.

Mengine ni madogo. Taa iwe juu ya kaunta, kwa sababu taa ya katikati ya dari inakutupia kivuli chako mwenyewe kwenye kisu. Vigae vya chini viwe visivyong'aa. Makabati ya chini yakae juu ya tofali la sentimita 10, lililorudi ndani kidogo vidole vya miguu vipate pa kuingia. Ubao wa unga wa mbao ukinywa maji unavimba haurudi, kwa hiyo chini ya sinki lipia mninga, kwingine ubane matumizi.

Mimi nitakuja Alhamisi na basi la asubuhi, nitakuwa na futi yangu. Usifute chaki mpaka nifike. Na umwombe mdogo wako awepo, nataka kukaa naye nimwambie haya ya mpira na mihogo kwa kinywa changu, maana mpaka leo anaamini ni yeye aliyekosea.

Wasalaam,
Shangazi yako