Kiumbe Asiyeomba

Mbuzi mwenye njaa hulia, mbwa hubweka, na paka humzungukazunguka mwenye nyumba mpaka apate haki yake. Nyoka hana sauti ya kuomba. Akiwa na njaa, baridi au maradhi, hunyamaza. Kwa hiyo, msomaji, amfungiaye nyoka hana budi kujifunza kuusoma ukimya.

Mimi hutunza nyoka mmoja wa nyumbani, wa rangi ya hudhurungi, asiye na sumu. Namtunza kwa kibali cha serikali, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa pori bila kibali. Wala usiende kumkamata nyoka kichakani. Moma na fira hawana mzaha.

Kizimba chake ni sanduku la mbao lenye uso wa kioo, urefu wake futi 3. Mlango hufungwa kwa komeo imara, kwa sababu kipenyo kipitacho kichwa cha nyoka, na mwili hupita.

Jambo la kwanza ni joto. Mwili wa nyoka haujipashi moto kama wetu. Joto lake hulitafuta nje. Basi upande mmoja wa kizimba una joto la digrii 30 hivi, na upande wa pili digrii 24, ili achague mwenyewe. Balbu imezungushiwa wavu wa chuma asije akaungua. Kila upande una pango la kujificha, maana akikosa pango penye ubaridi, huenda akavumilia joto la kumdhuru kuliko kulala peupe. Maji safi hayakosi bakulini.

Chakula chake ni panya aliyekwisha kufa, asiyezidi unene wa kiwiliwili chake, kila baada ya siku 7 hadi 10. Akishameza simshiki kwa siku 2, asije akatapika.

Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa kwa gamba angavu. Gamba hilo likififia likawa kama maziwa, jua kwamba anakaribia kujivua. Siku hizo haoni vizuri, na mara nyingi hukataa chakula, mwache atulie. Ngozi ikitoka nzima, tangu mdomoni hata mkiani, ni dalili njema. Ikitoka vipande vipande, mara nyingi hewa ya kizimbani imekuwa kavu mno, na wa kulaumiwa si nyoka.

Watu huniuliza kama nyoka huyu ananipenda. Sidhani, wala simdai mapenzi. Mimi ndimi niliye na ufunguo. Yeye hana awezalo kunidai. Kumtendea haki anayejua kulalamika ni jambo jepesi, maana kelele zake hutuamsha. Utu wa mtu hupimwa, msomaji, kwa yule aliye chini ya mkono wake naye hawezi kusema neno.