Serengeti Haiuoni Kilimanjaro

Miaka ya themanini Moshi, Radio Tanzania ilikuwa ya bendi za Mlimani Park na JUWATA. Muziki wa Kizungu tuliuvua kutoka ng'ambo ya mpaka, kwenye redio ya Kenya, ambayo usiku ilishika bila kukwaruza. Huko ndiko tulikousikia "Africa" wa Toto, na tulichodaka kwanza ni jina la mlima wetu. Mzungu wa Los Angeles kautaja Kilimanjaro! Mengine aliyoyaimba hayakutushughulisha.

Kaka yangu ndiye aliyeleta kanda, imerudufiwa Nairobi, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Tuliirudisha nyuma mpaka utepe ukaanza kulegea. Yeye alikuwa mpiga tumba, kwa hiyo kilichomkera ni mdundo: haupungui, hauongezeki, dakika zote zile. Binadamu gani anapiga hivyo? Jibu nililipata baadaye sana. Jeff Porcaro, mpiga dramu wao, na Lenny Castro wa tumba walipiga mdundo huo kwa muda mrefu studioni, wakachagua kipande kifupi kilichokaa sawa, wakakata utepe na kuuunganisha uzunguke. Na ile sauti inayolia kama ilimba ya Wagogo ni kinanda cha Yamaha.

Toto walikuwa mafundi wa kukodiwa kabla ya kuwa bendi. Kabla ya kuiunda mwaka 1977, baadhi yao walikuwa wamekwishapiga kwenye "Silk Degrees" ya Boz Scaggs. Watu wa aina hiyo husifiwa na wanamuziki wenzao na kubezwa na waandishi, na ndivyo ilivyokuwa. Albamu ya nne, "Toto IV" ya 1982, ikawanyamazisha wabezaji kwa muda: mwaka uliofuata ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka, na "Rosanna" ikashinda ya rekodi ya mwaka. "Africa" ndio uliofunga albamu, mahali pa wimbo ambao hakuna aliyeutegemea. Mpiga gitaa Steve Lukather amesimulia mara nyingi kwamba hakuupenda, na kwamba aliapa kukimbia uchi Hollywood Boulevard ukivuma. Februari 1983 ulishika namba moja Marekani, wao pekee uliowahi kufika hapo.

Mtunzi mkuu, David Paich, hakuwa amekanyaga bara hili. Alisoma shule ya Kikatoliki ambayo baadhi ya walimu wake walikuwa wamefanya kazi ya umisheni Afrika, na hadithi zao ndizo zilizomkaa kichwani. Ndiyo maana mlima wake unachomoza juu ya Serengeti. Kutoka Seronera, ndani ya Serengeti, hadi kilele cha Kibo ni karibu kilomita 300, na katikati kuna nyanda za juu za Ngorongoro na Mlima Meru. Hata ungekuwa na macho ya tai, usingeuona. Nilipoanza kupiga gitaa kwenye bendi za hoteli, kosa hilo lilinichoma kama mtu aliyekosewa jina la baba yake. Mgeni akiuomba, nilikuwa namwambia hatuujui, tunapiga "Malaika".

Wakati huo kuukataa kulikuwa rahisi, kwa sababu walioomba walikuwa wachache. Toto wenyewe walikuwa wameyumba: waimbaji wakiingia na kutoka, Jeff Porcaro akafariki 1992 akiwa na miaka 38, na 2008 wakavunja bendi. Walirudi 2010 kumsaidia Mike Porcaro, mdogo wake Jeff na mpiga besi wao, aliyekuwa mgonjwa.

Kisha vijana wa intaneti wakaufufua wimbo, mwanzoni kwa utani. Mwaka 2018 Weezer, bendi nyingine, waliurudia baada ya shabiki kuwaganda mtandaoni, na Toto wakajibu kwa kupiga "Hash Pipe" wa Weezer. Mwaka uliofuata msanii Max Siedentopf alifunga spika sita jangwani Namib, zikitumia umeme wa jua, zipige wimbo huo mmoja tu.

Hapa Moshi tuliona tofauti mezani. Zamani wageni walioshuka mlimani waliomba "Jambo Bwana" waliofundishwa njiani na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Sasa vijana wanashuka kwa njia ya Mweka miguu imevimba, wanaoga, wanakula chipsi kuku, na kabla sahani hazijaondolewa mmoja anakuja jukwaani na noti ya dola kumi. Mpiga kinanda wetu, aliyezaliwa baada ya wimbo kutoka, aliujua wote. Nikashindwa kwa kura, nikajifunza. Si mwepesi: beti ziko B, kiitikio kinaangukia A, na mpiga gitaa aliyelala anaachwa hapo hapo. Kiitikio kikifika ukumbi mzima unaimba, wapishi wakiwemo.

Suala la Serengeti bado namwambia kila mgeni atakayesikiliza, na wengi hucheka, kisha huomba tuurudie. Simshutumu Paich tena kwa dharau; alikuwa akiimba kiu yake mwenyewe, na ramani haikuwa mezani. Ila ukinibana kama fundi wa gitaa, "Rosanna" ni wimbo bora kuliko huu kwa mbali, na mdundo wake Jeff aliupiga mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Hakuna mgeni aliyewahi kuuomba.