Saa Tano Usiku, Namba 1090

Mchana KAAY ya Little Rock, jimboni Arkansas, kwenye namba 1090 ya AM, ilikuwa redio kama redio nyingine za Marekani za miaka ya 1960: nyimbo fupi zinazovuma, matangazo ya biashara, na mtangazaji anayepaza sauti kama dalali mnadani. Ikigonga saa tano usiku, kituo kiligeuka. Milio ya ajabu ilipanda polepole, kisha sauti nzito isiyo na haraka ikakaribisha wasikilizaji kwenye kipindi cha Beaker Street.

Mimi nilikuwa Iowa, mwanafunzi niliyetoka Tanga mwaka 1968. Kati yetu na Little Rock kulikuwa na jimbo zima la Missouri, zaidi ya kilomita 700. Mchana hukuipata KAAY hata ungezungusha kitufe mpaka vidole vikuume. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa mkulima wa mahindi, ndiye aliyenieleza siri ya kuipata usiku. Jua likizama, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi ya AM hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu, nalo huyarudisha ardhini mbali sana. Ongeza na mtambo wa wati 50,000, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa nchini humo. Jambo hilo nililifahamu kwa masikio kabla ya kulielewa kwa fizikia, kwa sababu wazee wetu Tanga nao walingoja giza liingie ndipo waitafute redio ya Cairo.

Mtangazaji alijiita Clyde Clifford. Jina lake halisi ni Dale Seidenschwarz. Alianza kipindi hicho mwaka 1966. Usiku ilibidi fundi mwenye leseni awepo kwenye mtambo, na kituo kikaona nafuu mtu mmoja afanye kazi zote mbili. Kwa hiyo Clifford hakukaa studio mjini. Alikaa peke yake Wrightsville, kando ya mtambo wenyewe, feni za kuupoza zikivuma nyuma yake. Uvumi huo uliingia kwenye maikrofoni, naye akaufunika kwa ile milio ya ajabu ambayo sisi tuliiona ni uchawi. Uhuru mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia redioni ulitokana na kubana matumizi.

Uhuru wenyewe ulikuwa wa kutobanwa na muda. Chukua "In-A-Gadda-Da-Vida" ya Iron Butterfly: santuri ndogo iliyopelekwa vituoni ilikatwa ikawa chini ya dakika tatu, lakini kwenye albamu wimbo huo unafika dakika 17. Clifford aliupiga wote, hadi mwisho. Mimi nilikulia kwenye taarabu, ambako mpiga fidla humaliza anachotaka kusema ndipo mwimbaji aingie. Rock ya mchana ilinipita kama makelele. Ile ya usiku niliielewa, maana iliachwa ipumue.

Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ilichezesha bahati nasibu ya kuwapeleka vijana jeshini, vita vya Vietnam vikiendelea. Tarehe za kuzaliwa zilichotwa moja moja kutoka chombo cha kioo. Ya kwanza ilikuwa Septemba 14. Ya mwenzangu ilitoka mapema. Alirudi chumbani, akavua viatu, akawasha redio. Nikiwa mgeni, sikuwa na neno la kumpa ndugu yule. Tukasikiliza mpaka saa nane, sauti ikififia na kurudi, na hakuna aliyeinuka kuirekebisha. Naamini mabweni mengi ya nyanda zile yalikuwa hivyo hivyo usiku ule, na madereva wa malori barabarani, na wakulima wasiopata usingizi.

Beaker Street iliondoka KAAY mwaka 1972. Muziki wa aina hiyo ulikuwa umehamia FM, ambako sauti ni safi na ya stirio, ila haivuki upeo wa macho. Tulipata usafi, tukapoteza majirani wa mbali. Mwaka 1985 KAAY yenyewe ikawa kituo cha mahubiri.

Vipindi vingi vya redio vya zama zile, Marekani na kwetu pia, vimesalimika kwa sababu msikilizaji fulani aliweka kinasa sauti kando ya spika. Ukiwa na kanda kama hizo kabatini, za Little Rock, za Cairo au za Dar es Salaam, zipeleke zikanakiliwe mwaka huu, kabla utepe haujaoza.