Sebule ya wageni, kifua cha mtoto

Waulize watu wa Mwanza ni urembo gani wa nyumba unaowakera, watakujibu hadi jua lizame. Mmoja atakutajia taa za bluu na zambarau zinazozunguka dari mpaka sebule inafanana na baa. Mwingine hataki kusikia habari ya karatasi za ukutani zenye picha ya maporomoko ya maji. Yupo anayechukia nyasi bandia zilizohama uwanja wa mpira zikaja barazani, na yupo asiyevumilia kochi lililovishwa vitambaa vya kufuma mgongoni, mikononi na kwenye mito. Kwenye grupu letu la WhatsApp la familia, mjomba alipoona picha za sebule mpya ya dada yangu kule Buhongwa aliandika swali moja tu: "Hiyo ni nyumba au ukumbi wa harusi?" Grupu liliwaka moto siku mbili.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na kazi hii imeniharibia macho. Siwezi tena kuingia sebuleni kwa mtu nikatazama mapambo kama mapambo. Natafuta dirisha. Naangalia mtoto anatambaa juu ya nini, na bibi atapita wapi akitoka bafuni usiku. Ndiyo maana ubishi ule ulinishangaza. Watu walicheka taa, wakacheka maua ya plastiki, wakacheka hadi saa ya ukutani yenye umbo la jua. Hakuna aliyegusa marumaru nyeupe zinazong'aa kama kioo, wala mapazia mazito yanayofika sakafuni, wala zulia la manyoya. Hivyo vyote vilipigiwa makofi.

Nianze na madirisha. Nyumba ya dada ina madirisha makubwa ya alumini, yale ya kusukuma. Ukiwa nje yanapendeza kweli. Lakini dirisha la kusukuma lina hesabu yake: kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo dirisha la futi sita linafunguka futi tatu tu. Mbele ya hizo futi tatu dada ametundika pazia jepesi, na mbele ya jepesi pazia zito la kijivu lenye mikunjo mingi. Barabara ya mtaani kwao ni ya vumbi na bodaboda zinapita tangu alfajiri, basi mchana vioo vinafungwa kwa sababu ya vumbi. Jioni vinafungwa kwa sababu ya mbu. Usiku vinafungwa kwa sababu ya vibaka. Ukijumlisha, dirisha kubwa kuliko yote mtaani halifunguliwi.

Halafu kuna dari. Fundi jipsamu aliishusha kwa ngazi tatu, akaizungushia taa, na pale katikati ambapo pangaboi lilikuwa limepangiwa kukaa akaweka taa kubwa ya vioo. Jipsamu yenyewe sina ugomvi nayo. Sisi tuliokulia chini ya bati tupu tunalijua joto la saa nane mchana. Dari iliyofungwa vizuri inapunguza joto hilo, tena inaziba ule upenyo wa juu ya ukuta ambao mbu wa malaria wanaupenda. Kinachonisumbua ni kwamba dari imeshuka, pangaboi limeondoka na dirisha limefungwa, vyote katika chumba kimoja ambamo watu saba wanatazama tamthilia hadi saa nne usiku.

Hewa iliyotuama si suala la harufu peke yake. Vimelea vya kifua kikuu husafiri hewani: mgonjwa akikohoa, au hata akiongea, hubaki vikielea, na katika chumba kisichopitisha hewa vinaweza kuelea kwa saa kadhaa. Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Madirisha yaliyo wazi pande mbili za kliniki ya kifua kikuu hayako wazi kwa sababu ya joto. Hewa inayoingia huku na kutokea kule ni sehemu ya kinga, na haiuzwi duka la dawa.

Kwa dada hakuna mwenye kifua kikuu, namshukuru Mungu. Kuna mtoto wa miaka mitatu ambaye kifua chake kinapiga filimbi. Tangu wahamie nyumba mpya amepelekwa hospitali mara nne. Mara ya nne daktari aliacha kuuliza habari za dawa akauliza habari za nyumba: mtoto analala wapi, anacheza wapi, dirisha linafunguliwa saa ngapi. Dada alinisimulia kwa hasira kana kwamba ametukanwa. "Mimi nimempelekea mtoto, yeye ananiuliza mapazia!"

Mtoto anacheza kwenye zulia la manyoya. Ni zito, jeupe, refu la manyoya kiasi kwamba kijiko kikianguka humo unakitafuta kwa vidole. Ndani ya mazulia ya namna hiyo, kama ilivyo kwenye magodoro na mito, huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao chakula chao ni mabaki ya ngozi yetu. Hupenda joto na unyevunyevu, na sisi wa pembezoni mwa ziwa vyote viwili tunavyo. Hawang'ati. Kinachoamsha pumu kwa mwenye asili yake ni kinyesi chao kikichanganyika na vumbi mtu analovuta. Ongeza uji uliomwagika, maziwa, na mkojo wa yule mdogo anayejifunza kuacha nepi. Zulia lile likilowa halibebeki na mtu mmoja, kwa hiyo linafuliwa siku ya siku. Linafagiliwa, maana yake vumbi linanyanyuliwa lirudi kifuani.

Nilimwambia dada hayo yote kwa ustaarabu nilioweza. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nimesahau Mabatini.

Sijasahau. Dada na shemeji waliishi Mabatini miaka tisa katika chumba kimoja cha kupanga. Kitanda na kochi vilitenganishwa na shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Mgeni akija, watoto walitolewa nje ili apate pa kukaa. Jiko, ndoo za maji na viatu vilikuwa chini ya kitanda. Wakati wenzake wanasuka na kuvaa, dada alikuwa ananunua tofali, mia mbili mwezi huu, hamsini mwezi ujao. "Kila kitu kilichomo humu ndani nilikiona kichwani nikiwa nimelala nyuma ya ile shuka," alisema. "Unataka mtu akija kwangu akute bado kuna dhiki?"

Hapo ndipo mjomba na utani wake wa ukumbi wa harusi anaponikera. Zile taa za bluu hazimdhuru mtu yeyote. Ni sherehe ya mtu aliyevuka. Tena ukweli ni kwamba nyumba ya tofali, yenye dari na madirisha yenye wavu, ni salama kwa mtoto kuliko kile chumba cha Mabatini, na hakuna daktari atakayekuambia vinginevyo. Swali langu ni dogo kuliko hilo: baada ya kutumia fedha zote hizo, kwa nini tuifunge hewa nje?

Kule Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 vijijini ili kupima jambo hili hasa. Kuta zake za juu zinapitisha hewa, kila uwazi una wavu, vyumba vya kulala viko ghorofani, choo na maji ni safi, na jiko limetengwa ili moshi usiwafikie wanaolala. Watoto walioishi humo waliugua malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Mimi nilichokipenda zaidi ni kwamba hizo si nyumba za dhiki. Mtu anaweza kukaribisha wageni humo kifua mbele.

Na hata hapa kwetu tulikuwa tunalijua jambo hili. Nyumba nyingi za zamani mjini zina tofali za matundu juu ya madirisha, zile zenye maua au nyota, zinazopitisha upepo usiku kucha hata dirisha likiwa limefungwa. Siku hizi zinaitwa ushamba. Wanaohamia nyumba kama hizo huziziba kwa simenti ili ukuta upokee rangi vizuri. Nikiona fundi anaziziba natamani kumnyang'anya mwiko.

Jambo la marumaru nilitaka kulipita haraka, lakini siwezi, kwa sababu ya mama mkubwa.

Mama mkubwa alitoka Misungwi kuja kliniki ya macho akafikia kwa dada. Siku ya pili jioni alitoka kuoga, miguu ikiwa na maji, akakanyaga marumaru nyeupe chini ya taa za bluu, macho yake yakiwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Sakafu, maji na mwanga kwake vilikuwa rangi moja. Alivunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akalala wiki kadhaa, dada akaomba likizo kazini kumhudumia, na mwanamke aliyekuwa akilima mwenyewe ekari yake ya mpunga sasa anatembea kwa fimbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wengi wa wanaofariki ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Tunaichukulia ajali ya nyumbani kama bahati mbaya. Mara nyingine ilinunuliwa kwa boksi.

Baada ya hapo niliingia maduka mawili ya vifaa vya ujenzi mjini kuulizia marumaru zisizoteleza. Kwanza niliambiwa hizo ni za chooni. Nilipong'ang'ana nikaletewa za rangi ya mchanga, zenye uso uliokwaruza kidogo, na kijana wa duka akanionya kwamba hazitang'aa hata nikipiga deki kutwa. Ndizo ninazozitaka. Kama unajenga, omba kigae kimoja dukani, kimwagie maji, vua kiatu upitishe mguu juu yake. Mwenye duka atakushangaa, lakini mguu hautakudanganya. Aliyekwisha kuweka za kuteleza asibomoe nyumba: mkeka wenye mpira chini mlangoni mwa bafu, kishikio cha chuma ukutani na taa nyeupe ya kutosha njiani vinasaidia sana.

Rangi nayo ina neno lake moja. Hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na baadhi ya rangi za kupaka, hasa za mafuta, huwekwa risasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi sehemu 90 kwa milioni. Unaponunua, soma kopo au uliza. Na fundi anapokwangua rangi ya zamani kwa msasa, watoto wahame kwanza, wasirudi mpaka vumbi lote lidekiwe kwa maji.

Kuhusu vitambaa vya kufuma, nawatetea wazi mbele ya vijana wenzangu wanaovicheka. Mama alivifuma sebuleni kwetu kwa sindano moja na uzi mweupe, na kila Jumamosi vilivuliwa vyote vikafuliwa, vikaanikwa, vikarudi vikinuka jua. Ni pambo linalofulika, jepesi, halimvunji mtu nyonga. Nionyeshe zulia la manyoya lenye sifa hizo.

Dada hakubadilisha nyumba. Taa za bluu zipo na jipsamu ipo. Zulia limekunjwa, linasimama nyuma ya mlango, linatandikwa siku za wageni, na mtoto anacheza kwenye mkeka. Mapazia mazito yanafungwa pembeni kila asubuhi. Shemeji amemwita fundi wa alumini aweke wavu kwenye madirisha ya nyuma ili yale ya mbele yakifunguliwa upepo upate pa kutokea, na wamebishana bei wiki nzima. Kifua cha mtoto hakijanyamaza kabisa. Anatumia dawa yake ya kuvuta, na miezi hii miwili hawajakimbia hospitali usiku.

Mama mkubwa amerudi Misungwi. Wanawe walitaka kumfurahisha kwa kumwekea marumaru chumbani, wakiwa wamekwisha kuzichagua, nyeupe. Alikataa, akataka simenti, tena isiyolainishwa. Fundi alimwambia kwa heshima zote kwamba siku hizi simenti tupu haiwekwi, watu watamcheka. Akaambiwa aendelee. Simenti ikiwa bado mbichi aliipigia mistari kwa ufagio wa chelewa kutoka kitandani hadi mlangoni, huku akilalamika kwamba kazi yake itaonekana mbaya. Mama mkubwa alikaa kwenye kiti pale nje, fimbo mapajani, hadi alipomaliza.