Bloku la Mjomba Laenda Gerezani

Injini ya Hilux ya mjomba ilianza kupumua msimu ambao mahindi yalikubali Kiteto nzima, na kwa kuwa mahindi yalikuwa mengi, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuisikiliza. Kupumua ndivyo mafundi wanavyosema. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inaunguruma, moshi unatoka kwa mikupuo, kwa sababu mgandamizo unaotakiwa kuisukuma pistoni chini unapenya pembeni ya ringi na kushukia kwenye sampu. Nyuma nako, bomba lilitoa moshi wa bluu. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi, mweupe huenda ni maji, lakini wa bluu ni oili inaungua, na mjomba alikuwa anaongeza oili kila akienda mnadani. Kilima kidogo tu, abiria washuke.

Fundi wetu wa Kibaya aliifungua chini ya mgunga. Alipong'oa hedi, alipitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda kutoka chini kwenda juu, ukakwama karibu na mdomo. Akanishika mkono nami nipitishe wangu. Kweli, palikuwa na ngazi. Pale ndipo ringi ya juu inapogeukia: chini yake ukuta umelika, juu yake ringi haifiki, kwa hiyo chuma bado kipo vilevile kilivyotoka kiwandani.

Mjomba alitaka awekewe ringi mpya, basi. Ndilo ombi la kila mwenye gari, maana ringi ni bei rahisi na pistoni si bei rahisi. Fundi akakataa. Ringi mpya ni duara, akasema, na silinda hii haijawa duara siku nyingi. Halafu ringi ya juu, ikiwa mpya na kingo zake kali, itaigonga ile ngazi na kukatika. "Mimi nina sikio na ukucha, mjomba. Hapa panataka kipimo. Peleka Gerezani, Dar."

Mjomba alikuwa na mavuno, fundi alikuwa na foleni ya pikipiki na trekta. Mimi nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, na kwa hesabu za ukoo wetu anayesubiri matokeo hana kazi. Hivyo ndivyo nilivyofika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza: kama msindikizaji wa chuma.

Fundi alilifunga bloku kwenye gunia, akaweka pistoni zote nne kwenye ndoo, kila moja na konrodi yake na kipande cha waya chenye namba. Alinionya zaidi kuhusu vile vikombe vya chini vya konrodi kuliko alivyonionya kuhusu vibaka wa mjini. Kila kikombe kimetobolewa kikiwa kimefungwa na konrodi yake. Ukibadilisha cha namba mbili na cha namba tatu, tundu halitakuwa duara tena na beringi haitadumu. Kwenye karatasi ya daftari akaniandikia: 3L, silinda 4, kipenyo 96. Injini hiyo ya Toyota ina kipenyo cha milimita 96, na pistoni nayo inapanda na kushuka milimita 96. Ukipiga hesabu kwa silinda nne unapata zile sisi 2779 za kwenye kadi ya gari.

Nilipanda Fuso la mahindi, mbele, kati ya dereva na utingo wake. Barabara ya Kibaya kwenda Kongwa wakati huo wa kiangazi ilikuwa vumbi tupu. Gari likipishana na jingine, dereva anapunguza mwendo na kusubiri dunia irudi. Vumbi liliingia masikioni, kwenye chupa ya maji iliyofungwa, hata kwenye betri ya simu yangu nilipoifungua baadaye.

Tulipoikaribia Kongwa dereva alinionyesha tambarare akaniambia, "Hapa Mwingereza alishindwa." Hakutia chumvi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa Mpango wa Karanga, iwalishe watu wake mafuta baada ya vita. Waliagiza mitambo kutoka kila ghala, mingine ikiwa matrekta yaliyoundwa kwa vipande vya vifaru vya Sherman. Mvua ikinyesha udongo ule ni tope. Ikikatika unakauka ukawa sakafu, na ndani yake mna chembe ngumu zinazokwaruza chuma. Majembe yaliisha, mashine zikafa kwa kukosa vipuri na mafundi, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Tulifundishwa haya darasani kama somo la ukoloni na mipango mibovu, na ni kweli. Ila kitabu hakikunieleza habari za ule udongo, na ulikuwa umenijaa mdomoni.

Mbande tukaingia barabara kuu. Kibaigwa, Gairo, Dumila na nyanya zake kando ya barabara, kisha Morogoro na milima ya Uluguru upande wa kulia. Yote yalipita upesi, nami nililala kuanzia Chalinze hadi mizani ya Vigwaza, ambapo foleni ya malori iliniamsha kwa ukimya wake. Fuso lilishusha Manzese alfajiri. Utingo akaniitia kirikuu, bloku likapakiwa, nikaingia mjini nikiwa nimekaa juu yake, maana mbele palikuwa na dereva na mkewe.

Gerezani hukuhitaji kueleza shida yako. Kabla kirikuu hakijasimama, vijana watatu walishainua gunia na kuchungulia. "Tri-eli! Unachonga au unauza?" Mmoja alikuwa tayari ananipangia bei ya chuma chakavu. Nilimtafuta mzee niliyeelekezwa, nikamkuta kwenye kibanda cha mabati chenye mashine ndefu ya kijivu, kubwa kuliko mlango wake. Nadhani kibanda kilijengwa kuizunguka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umetoka nalo wapi?"

"Kiteto."

Akatikisa kichwa, akaliinamia bloku bila kuligusa. Hakuchukua kipimo kwanza. Alimwagiza kijana wake alioshe, alifute, aliache lipoe kivulini, kwa sababu chuma chenye joto la jua kinadanganya. Nikasubiri. Huyu alikuwa fundi wa pili kumwona asiye na haraka, na nilianza kudhani ndiyo dalili ya kumtambulia.

Kipimo chenyewe ni fimbo yenye miguu miwili midogo chini na saa juu. Kwanza aliweka maikromita kwenye 96 kamili, akaiweka fimbo katikati ya taya zake na kugeuza uso wa saa hadi sindano isome sifuri. Kisha akaizamisha ndani ya silinda na kuiyumbisha polepole mbele na nyuma. Sindano inakwenda, inasita, inarudi; mahali inaposita ndipo kipenyo chenyewe. Alipima juu, chini kidogo ya ngazi, akapima katikati, akapima chini kabisa. Kila mahali mara mbili, kwa kufuata urefu wa krenki na kwa kuikata krenki. Silinda ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya: juu, kwa kuikata krenki, 96.26, kwa kufuata krenki, 96.17, chini, 96.05. Alinipa saa niisome mwenyewe.

Namba hizo zilinieleza kile ukucha ulichonionjesha tu. Konrodi inaisukuma pistoni kwa mshazari, kwa hiyo pistoni huegemea upande mmoja inaposhuka na mwingine inapopanda, na kuta hizo mbili zinalika kuliko nyingine. Juu panalika zaidi kwa sababu huko ndiko kuna moto na mgandamizo, na oili inafika kwa shida. Silinda iliyotoka kiwandani ikiwa duara ilikuwa sasa yai lililopanuka mdomoni. Na Toyota haitaki mliko upite 0.2.

Kisha akaokota pistoni kutoka kwenye ndoo, akaigeuza kwenye mwanga. Sketi yake haikuwa na michubuko. Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, mistari ya mashine imefutika kabisa. Ringi ya juu ilikuwa nyembamba na kali, ingeweza kukata kidole.

"Hii haikufa kwa kukosa oili," akasema. "Imekunywa vumbi. Ukirudi mwambie fundi wako aangalie mpira unaotoka ea klina. Kwa chini, kule kusikoonekana."

Nikampigia mjomba. Aliposikia silinda zote zichongwe na pistoni nne mpya zinunuliwe, akapandisha sauti. "Mwambie achonge hiyo ya pili tu!" Mzee akaomba simu.

"Ndugu yangu, salama? Sikiliza. Nikichonga moja, utakuwa na pistoni moja kubwa na tatu ndogo. Uzito tofauti. Injini itatetemeka mpaka ikuombe msamaha. Na hizo nyingine tatu utaniletea mwezi wa nane." Wakajadiliana kuhusu bei ya mahindi kwa muda, kisha mjomba akakubali.

Duka la spea lilikuwa mtaa wa pili. Nilitumwa ninunue pistoni za saizi 50, yaani zilizozidi milimita 0.50, na risiti nisiitupe. Sikuelewa kwa nini zinunuliwe kabla ya kuchonga hadi mzee alipozipima moja moja: silinda inachongwa kuifuata pistoni yake, si kinyume chake. Alinionyesha pia kwamba pistoni mpya si duara. Kipenyo kikubwa kiko chini kwenye sketi, kwa kuukata mwelekeo wa pini. Kwa kufuata pini ni nyembamba, na kichwani ni nyembamba zaidi. Imetengenezwa kwa alumini, ambayo kwa joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, na kichwa ndicho kinachopata moto mwingi. Inapokuwa baridi inaonekana imepinda. Ikipata moto ndiyo inakaa sawa.

Pistoni mojawapo ilipungua kuliko wenzake kwa zaidi ya anachovumilia mzee. Nikairudisha seti nzima. Muuzaji alinitazama, akaitazama maikromita aliyokuwa nayo kijana wa mzee aliyenisindikiza, akatoa boksi jingine bila neno.

Kuchonga kulifanyika usiku, umeme ukiwa umetulia. Kisu kinazunguka huku kinateremka, na kinachotoka si nyuzi za chuma nilizozoea kuziona kwa mafundi wa mageti bali unga wa kijivu unaotia weusi vidoleni. Mzee hakufika kipimo cha mwisho kwa kisu. Alibakiza kidogo sana, akamalizia kwa mawe ya kusugulia, yanayozunguka huku yakipanda na kushuka hadi ukuta ukawa na mistari midogo inayokatana. Nilitegemea kioo. Kioo hakishiki oili, akaniambia. Mistari hiyo ndimo oili inamolala, na ndiyo inayozisaidia ringi mpya kukaa.

Halafu nikapewa kazi. Ndoo ya maji ya moto, mche wa sabuni, brashi, na kipande cha shuka jeupe. Nilidhani bloku limeshaoshwa, maana kijana alilimwagia petroli mbele yangu na liling'aa. Mzee akachovya shuka kwenye oili safi, akafuta silinda ya kwanza, akanionyesha: kijivu. Petroli inaondoa mafuta na kuuacha unga wa mawe ndani ya ile mistari, na unga huo ni vumbi la Kongwa tu kwa jina jingine. Nikasugua kwa sabuni, nikasuuza, nikafuta: kijivu. Nikasugua tena. Vidole vilijikunja kwa maji ya moto, na karibu na adhana ya alfajiri shuka likatoka jeupe kwenye zote nne. Hapo hapo likapakwa oili, kwani chuma kibichi kikiachwa na unyevu wa Dar kinaanza kutu wakati unatafuta chai.

Kabla ya kulifunga, alisukuma ringi moja ndani ya silinda, akainyoosha kwa kichwa cha pistoni na kupima mwanya wa ncha zake kwa fila. Sehemu thelathini na saba za mia za milimita. Ncha zikikaribiana mno, injini ikipata moto zitagusana, ringi ikose pa kwenda na kuukwaruza ukuta.

Nilirudi kwa basi kutoka Mbezi, bloku kwenye buti likiwa limeviringishwa nailoni mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Konda alitaka nauli ya abiria wawili.

Nyumbani fundi alizipanga ringi, alama juu, mianya isielekeane, akaibana kila pistoni kwa bati alilolikata mwenyewe na kuigonga kwa mpini wa nyundo, mshale wake ukitazama mbele. Kisha akaenda kwenye mpira wa ea klina, akapitisha mkono chini yake. Ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo, na mtu fulani alishaufunga zamani kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mjomba alidai hamjui mtu huyo. Aliponunua mpya alinunua miwili.

Masharti ya fundi yalikuwa kwamba hadi kilomita elfu moja za kwanza gari lisibebe mzigo mzito, lisikimbizwe, lisiachwe likiunguruma pasipo kwenda, na mwendo ubadilishwe-badilishwe. Baada ya hapo oili yote imwagwe. Mjomba aliyafuata kwa uaminifu uliowachosha abiria wa mnadani. Karibu na daraja, mama mmoja mwenye kuku alisema gari jipya linakwenda polepole kuliko lile bovu, akadai nauli yake, akapanda bodaboda.